Moteri Iliyozimika Mbele ya Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 14 Oktoba

Moteri ya pikipiki yangu ilikufa Jumamosi mchana, katikati ya msafara wa harusi ya Solange, kati ya kanisa la Kadutu na salle ya sherehe ya Nguba. Sikuwa juu yake. Nilikuwa ndani ya gari, nyuma yake kidogo.

Leo Jumatatu, siku ya filta ya hewa. Nimeifua kwa petroli, nimeikamua, nimeianika, nimeipaka mafuta yake. Kama kila Jumatatu. Mikono haijapata habari bado.

Niandike kwa mpangilio, maana kwetu kila mtu sasa ana mpangilio wake.

Pikipiki ni yangu. Enduro, 250, moteri ya quatre-temps, ya mipigo minne. Hii haichanganyi mafuta na benzini. Mafuta yake yanakaa ndani, lita moja na kidogo, na ile lita njo uhai wake. Namwaga kila baada ya saa kumi na tano za kazi. Wauza duka wananicheka: gari kubwa linakaa na mafuta miezi. Mimi siendeshi gari kubwa. Nanunua, narudi nyumbani, namwaga. Napima supapi, vali za moteri, mwenyewe. Hakuna mtu wa familia aliyewahi kunisaidia hata buji moja, ile plagi ya cheche.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila fahali. Ng'ombe akiingia joto alfajiri, natakiwa kuwa pale kabla jioni haijafika. Mvua ya Oktoba, tope la Nyangezi, tope la Mudaka. Pikipiki nyingine zinabaki katikati ya kilima. Yangu inapanda, na mtungi wa baridi wenye mbegu umefungwa nyuma.

Jumamosi asubuhi Yaya Déo aliomba ufunguo. Ni kaka yangu mkubwa, baba wa Solange. Aliomba mbele ya wazee wote, mimi nimeshika pini za nywele za bibi harusi kwa meno. Nilitoa pini mdomoni nikasema wazi: ivalishwe utepe, isimame mlangoni mwa salle, watu wapige picha. Isitembee kwenye msafara. Haina feni. Inapozwa na upepo wa mwendo. Ukienda nayo hatua kwa hatua nyuma ya watu, maji yanachemka.

"Nimeelewa, docteur wa ng'ombe," akasema. Wazee wakacheka. Nikampa.

Jumanne, 15 Oktoba

Mtu angeuliza kwa nini sikushuka kwenye gari. Najiuliza mwenyewe.

Shangazi ndiye anayekaa na bibi harusi kutoka kanisani mpaka amkabidhi mlangoni mwa salle. Hashuki njiani. Akishuka, watu wanasema familia imegeuza mawazo, na ukoo wa bwana harusi unashika neno hilo miaka. Solange hana shangazi mwingine. Nilikuwa mimi tu.

Tumetoka kanisani, nikaisikia. Sauti ile naijua kuliko sauti ya mlango wangu. Pikipiki zilikuwa mbele kama ishirini, honi, filimbi, kina maman wanaimba. Yangu ilikuwa ndiyo iliyo karibu na gari letu. Yaya Déo juu yake na suti yake, mpiga video ameketi nyuma yake akitazama upande wetu. Vuum, vuum. Gari linakwenda kama mgonjwa na yeye anavuta gaz pale pale aliposimama.

Kupanda kutoka Kadutu, sauti ikawa nyembamba. Halafu ikawa na mchanga ndani. Nikaanza kuhesabu. Kwa kawaida ikisimama hivi inaanza kutoa mvuke kabla sijamaliza kuhesabu mia nne. Nilifika mia saba. Mkono ulikuwa kwenye kitasa cha mlango.

Kisha sauti ikakatika. Wakati huo huo trompeti zikaanza, sikusikia ilikatika namna gani.

Nikabaki ndani. Nikamfikisha mtoto mlangoni. Nikacheza. Nikala.

Jumapili wameirudisha kwa mkono, wakiisukuma. Yaya hakuja. Alituma ufunguo na maneno: imekataa tu, labda benzini mbaya.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeikagua asubuhi nzima. Kick, pedali ya kuwashia, inashuka, kwa hiyo moteri haijagandamana. Lakini inashuka laini mno, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Buji imeng'aa, safi kama kijiko. Hiyo ni kazi ya mvuke: maji yameingia pale yasipotakiwa.

Hapo kuna njia mbili. Kama aliizima mwenyewe alipoona mvuke, basi joint ya kichwa, ile gasketi nyembamba juu ya silinda, imeungua, labda kichwa chenyewe kimepinda kidogo. Kinasawazishwa hapa hapa mjini. Kama iliendelea mpaka ikajizima, pistoni imejikwaruza kwenye silinda, na vitu hivyo havipatikani Bukavu. Sifungui kabla ya kupata joint mpya, nayo haipo Bukavu, maana ile ya zamani ukiitoa hairudi, na moteri iliyo wazi kwenye vumbi la nyumba yangu si moteri tena.

Nikasema basi, mafuta yataniambia. Mafuta hayadanganyi. Yakiwa na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Yakiwa na vumbi la chuma yanameta. Nikaweka beseni, nikafungua bolti ya chini.

Yametoka ya dhahabu. Mapya kabisa. Mafuta ambayo hayajafanya kazi hata saa moja.

Nikachovya kidole, nikanusa.

Mafuta yangu yalikuwa na saa kumi na moja. Yalikuwa yameanza kuwa kahawia. Haya si yangu. Hata harufu si yangu: ni mafuta ya gari, yale yanayofanya ambreyaje, yaani klachi, iteleze. Nikafungua radiateri. Imejaa mpaka juu, maji matupu ya bomba. Yangu yalikuwa na dawa ya kupoza, ya kijani.

Mtu amemwaga, ameosha, amejaza. Kati ya Jumamosi jioni na Jumapili. Kuharibu ni bahati mbaya. Kuosha si bahati mbaya.

Nina hasira mpaka meno yanauma.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeenda kwa Papa Mirindi, fundi wa karibu na kwa Yaya. Hakukataa kwamba ni yeye aliyeiosha. Yaya ndiye aliyemwita. Nikamuuliza mafuta yalikuwaje. Yalikuwa na maji, akasema. Na chuma je? Akafuta mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Maman Furaha, kulikuwa giza. Na mimi nilikuta imeshalala. Haikunielezea namna ililala."

Mafuta aliyamwaga mferejini. Mvua ya Jumapili imeyachukua ziwani.

Kutoka pale nikapanda kwa Yaya. Alikuwa na wageni wa upande wa bwana harusi, wanakunywa bia iliyobaki. Ningepaswa kurudi. Sikurudi. Niliuliza mbele yao kwa nini mafuta yamebadilishwa.

"Petite, kaa kwanza, kunywa kitu," akasema Yaya.

Sikukaa.

"Iko chuma tu ile! Mutoto ameolewa muzuri, watu wote ya Kadutu wameona. Ao unataka turudishe harusi tukupatie pikipiki?"

Wakacheka wote. Mzee mmoja akasema ni mara ya kwanza anaona shangazi analilia gurudumu. Mke wa Yaya akanivuta jikoni kwa mkono: nitajibiwa, nisubiri wageni waende. Wageni hawakwenda. Nikashuka kwa miguu.

Nimefanya kosa, na kosa lenyewe nalijua. Mbele ya wakwe, Yaya hawezi kusema aliharibu kitu cha dada yake. Nimemfungia mlango mwenyewe kisha nikagonga.

Lakini aliiosha. Hilo siliachi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi simu kutoka Mudaka. Papa Chirhuza, mteja wangu wa tangu mwanzo.

"Docteur, Mapenzi iko joto tangu usiku. Iko napandia zingine. Kuya mbio!"

Mapenzi ni ng'ombe wake wa maziwa. Nimemfuatilia miezi mitatu. Nimetafuta taxi-moto. Wa kwanza alipoona mtungi wa baridi akauliza kama ni bomu. Wa pili alikubali, tukakwama kwenye tope, tukasukuma, akaniacha kwa kusema pikipiki yake bado anailipia. Nimemaliza njia kwa miguu, mtungi kichwani, maana mgongoni ulikuwa unainama na hewa ya baridi inamwagika.

Nimefika jua limeelekea kuzama. Ng'ombe ametulia, anacheua. Nimempapasa, nimechelewa. Mrija ningeutupa bure. Nimemwambia ukweli.

Papa Chirhuza hakugomba. Alisema tu kwamba jirani yake ana fahali na fahali halalamikii barabara. Wiki tatu tena mpaka joto lingine. Atanisubiri mara hii. Mara ya pili hatanisubiri, na kwa upande wake ana haki.

Niliporudi mjini nimepitia kwa mpiga video. Nilitumaini sauti ya moteri ikikatika. Nimetazama msafara wote kwenye kompyuta yake. Ameweka wimbo wa kanisa juu ya kila kitu, na ile ya asili ameshaifuta ili apate nafasi ya harusi ya leo. Na kamera ilitazama nyuma, kwa hiyo Yaya haonekani hata kidole. Tunaonekana sisi. Solange anacheka. Mimi nimekodoa macho, midomo inatembea, mkono uko kwenye kitasa. Ninaonekana kama mtu anayepelekwa hospitali.

Mvuke unapita mbele ya picha. Mpiga video alifikiri ni ukungu, akaona ni mzuri, akaupunguzia mwendo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Imenyesha tangu asubuhi, sasa imeacha. Nimefunika pikipiki. Sijaigusa.

Solange amenipigia. Kwa desturi haitakiwi atoke bado, lakini simu haina mguu.

"Shangazi, baba iko hali chakula. Maman anasema ni juu yako."

Nikamwambia si juu yangu, ni juu ya moteri.

"Nilikusikia ndani ya gari ukihesabu. Nilidhani unaniombea rozari."

Tulicheka, mimi na yeye, vizuri tu. Halafu akasema aliuona mkono wangu kwenye kitasa. Akasema alimwomba Mungu nisishuke. Nikamuuliza kama kutoka upande wake wa gari alimwona baba yake, wakati pikipiki iliponyamaza, alifanya nini kwa mkono. Akasema alikuwa anatazama watu.

Mtoto ni wa baba yake. Simlaumu.

Mchana nimeshuka kwa Maman Zuhura. Familia yao ni wafanyabiashara kutoka Uvira, yeye huenda Kampala kuchukua vipuri na vitambaa. Kesho anapanda basi la saa nne asubuhi. Akirudi ni wiki mbili. Baadaye hasafiri tena mpaka mwaka uishe. Nimemwonyesha aina ya pikipiki na namba ya moteri.

"Mwanangu, niambie kitu kimoja cha kununua. Nikufungie joint, ao nikufungie pistoni na silinda? Vyote viwili huwezi, na mimi sibebi vya kurudisha."

Ana haki. Nimepiga hesabu mara tatu na jibu ni lile lile. Naweza kimoja. Nikikosea, naketi na kipuri kisicho na kazi mpaka mwaka mwingine, na Mapenzi anakwenda kwa fahali wa jirani, na wengine wanamfuata.

Mtu mmoja Bukavu nzima anajua. Mkono wake njo ulikuwa pale.

Hasira imeshuka. Sijui ilishuka saa ngapi. Nimekumbuka jinsi alivyokuwa amekaa wima juu ya ile pikipiki, suti mpya, binti yake nyuma yake ndani ya gari. Labda aliona mvuke akaona pia ukoo mzima wa wakwe unatazama. Mimi pia nilikaa ndani ya gari kwa sababu hiyo hiyo.

Sitapanda kwake tena. Nimemwandikia kwenye simu, na nimenakili hapa ili baadaye nisijidanganye niliandika nini:

Yaya, siombi feza, siombi pardon, na sitauliza tena mbele ya watu. Juu ya mafuta tumalize. Maman Zuhura anaondoka kesho na ananunua kitu kimoja tu. Nijibu mbele ya saa tatu ya asubuhi, neno moja linatosha: uliizima, ao ilijizima?