Stika ya Charo

Alhamisi

Na Biblia aliishika kabisa, Charo. Akaapa.

Stika yangu ya ukaguzi ilikwisha mwezi uliopita. Pale steji ya Utange sisi madereva wa tuktuk tunaazimana, ndiyo maana stika zetu tunazishikiza kwa selotepu tu. Jumapili tukitoka kanisani, Charo alibandua yake kwa mkono wake, akaniwekea kwenye kioo. "Tumia, ndugu yangu. Siku yangu ikifika nawe utanipa." Kesho yake askari akaona nambari ya stika si ya tuktuk yangu, nikaandikiwa kwenda kortini.

Leo hakimu akamuuliza Charo kama alinipa.

"La, mheshimiwa. Aliibandua mwenyewe, mimi niko kanisani naomba."

Kanisani! Tulikaa benchi moja, tukashika kitabu kimoja cha nyimbo. Sasa nimeongezewa kesi ya wizi.

Mke wangu alilia. "Baba Kahindi, huyo mtu asikanyage hapa tena!" Nikatoka nje, maana...

Maana mwaka jana Ngala, dereva mwenzetu wa steji, alishikwa na stika yangu. Mimi ndiye niliyempa. Askari aliponiuliza, nikasema simjui mtu huyu. Ngala aliuza tuktuk yake alipe faini, sasa anapakia mawe kule Bamburi. Sijawahi kwenda kumwona.

Mke wangu hajui hayo. Kesho nitamwambia yeye kwanza. Halafu niende Bamburi, hata kama Ngala hatanipa mkono.