Masikio Chini ya Kilemba

Gehandu, Hanang,
Oktoba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo nyumbani Muleba. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba imepona mnyauko, au umeamua kuing'oa? Mimi mwanao ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na nitakueleza kwa nini.

Huku ni kiangazi haswa. Upepo unaoteremka mlimani unaingiza vumbi hadi kwenye sufuria yenye mfuniko, na mchana chumba cha kliniki ya wajawazito kinakuwa tanuri kwa sababu ya mabati. Wenyeji wanavumilia. Mimi mtoto wa ziwani nalalamika kila siku, na Daktari Abdillah, mkuu wetu wa zahanati, ananicheka.

Zilizoninyima raha ni zile mashine zangu za masikio. Siku ninaondoka ulinishauri nizifunike kwa kilemba, ukasema mgeni haonyeshi udhaifu wake, na kwamba nesi asiyesikia vizuri hakuna atakayemkabidhi mkewe. Nilikusikiliza. Nilifunga kilemba asubuhi hadi jioni, mpaka Padre akaniuliza kwa upole kama nimehamia kwa walokole.

Lakini joto na kilemba havipatani, Baba. Jasho lilichuruzika hadi ndani ya mashine, vumbi likaganda juu yake. Mtaalamu wa masikio kule Arusha alinielekeza nizifute kwa kitambaa kikavu kila ninapozivua, usiku niache kifuniko cha betri wazi, nizilaze kwenye kopo lenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu, na nisiziache dirishani juani. Yote niliyafanya. Kisha asubuhi nazifunga tena ndani ya jasho lile lile. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Sauti zikaanza kukatika kama redio yenye betri chovu. Watoto waliniamkia njiani nisiitikie, na ikasemwa kwamba yule nesi wa Bukoba anaringa. Hilo nililimeza. Nililoshindwa kulimeza ni hofu kwamba ipo siku mtoto tumboni atahitaji nimsikie, nami sitamsikia.

Jumanne iliyopita akaja Zita, binti mwenye mimba ya kwanza, akisindikizwa na mama mkwe wake, Fransiska. Nikampaka jeli, nikaweka tumboni ile mashine ndogo inayopaza mapigo ya moyo wa mtoto. Kioo chake kilishakufa zamani, tunategemea sauti tu. Kimya. Nikahamisha kushoto, kulia, chini ya kitovu. Kimya kabisa. Nikamwambia binti wa watu kwamba sisikii moyo wa mtoto, ajiandae kupelekwa hospitali.

Zita alinishangaa. Aliuliza, sasa hicho kinachodunda humu ndani ni nini? Mama mkwe akasema kinapiga mbio kama punda tangu nilipoweka mashine.

Nilivua kilemba pale pale, nikawaonyesha mashine zilivyolowa. Zita akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kipaza sauti cha ile mashine ndogo, nikayahisi mapigo kwa vidole, nikalia. Fransiska hakulia. Aliniuliza, je, ingekuwaje kama mtoto angekuwa kimya kweli nami nikadhani nimesikia? Akasema anakwenda kwa Daktari Abdillah sasa hivi. Nikamwambia twende wote, maana alikuwa na haki.

Daktari hakunicheka siku hiyo. Ameagiza kila mjamzito asikilizwe na watu wawili mpaka mashine zangu zitengenezwe, na kilemba kisionekane tena kliniki. Nimezipeleka Arusha. Kama nitaachwa kwenye kliniki au nitahamishiwa dirisha la dawa, bado sijaambiwa, na usingizi sipati.

Sasa nisamehe, Baba, kwa ninalotaka kusema, maana mtoto hamkosoi mzazi. Labda umejiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu unayo mfukoni. Kila nikikupigia unasema mtandao mbovu, unampa Mama simu, na kwa Mama mtandao unakuwa mzima. Baba, uongo huo nimeutumia sana, naujua. Mama ameniambia kwamba juzi basi lilikupigia honi hadi likasimama nyuma ya baiskeli yako, nawe hukugeuka. Nilipoyasikia hayo nilikaa chini. Naogopa kupoteza kazi, lakini hilo la basi ndilo ninaloliogopa zaidi.

Krismasi nakuja kukuchukua, twende wote kwa mtaalamu. Hukunikosea uliponiambia nijifunike; ulikuwa unanifundisha ulivyojificha mwenyewe. Naomba tuache, wote wawili. Mpaka nifike, tafadhali tembea kwa miguu, pembeni kabisa mwa barabara.

Nisalimie Mama na shangazi, na majirani wote wanaoniulizia. Majibu nayasubiri kwa barua, kwa mwandiko wako.

Ni mimi mwanao, niliyefanana nawe mpaka masikio,

Eufrasia Wilbard