Pikipiki Imerudi Haina Pumzi

Jumanne, 4 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimezika kaka zangu wanne, pikipiki tatu na madaktari wawili walioniambia niache kuendesha. Mimi bado nipo.

Leo nimeipeleka pikipiki sevisi, duka lile lile walikoniuzia. Kubadili oili, kukaza mnyororo, basi. Ilikwenda inanguruma, imerudi kondoo! Kilima cha tangi la maji nakipandaga gia ya tatu huku napiga mluzi. Leo gia ya kwanza – na mwanamke mwenye ndoo kichwani akanipita. Akaniamkia kabisa. Shikamoo mzee. Akaenda zake.

Tena wamenifungia vioo vipya, vikubwa kama sinia. Nani kawaomba?

Jumatano, 5 Machi

Wameiba kitu humo ndani. Nimemwambia mke wangu. Anasema labda mashine imezeeka, mwendo huu unatutosha, tunakimbilia wapi. Wanawake hawajui injini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua plagi. Nzima. Nimepuliza mrija wa mafuta mpaka masikio yakalia. Mzima. Kuanzia kona ya shule mpaka hapa hakuna anayeijua injini kama mimi. Wenzangu waliniita Upepo, si bure.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Kichujio kisafi. Mke wangu ananiletea chai hapa uani, ananishikia mwavuli. Mwanamke ana huruma huyu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewapata!

Kati ya kabureta na injini wameweka ringi ya chuma. Katikati ina tundu, kidole changu kidogo hakipiti. Ndiyo maana haivuti pumzi. Nikaitia mfukoni, nikaenda dukani kwa miguu, nikaigonga mezani mbele ya wateja. Nikasema hapa kuna wezi na wauaji.

Fundi mkuu – namwita Shingo, ana shingo ndefu – hakukasirika. Akanikalisha. Akaleta karatasi ya kazi ya siku ile. Akanisomea taratibu kama mgonjwa: oili, mnyororo, vioo vikubwa, injini ipunguzwe mwendo. Chini, sahihi. Yangu.

Nikamwambia umeghushi. Akasema, "Mzee wangu, nilikuuliza umesoma? Ukanijibu ulianza kusoma mimi sijazaliwa."

Kweli nilisema. Herufi zenyewe ndogo kama sisimizi.

Nikauliza nani kaagiza huu uchafu. Akatazama viatu vyake. "Mama alipiga simu asubuhi ile. Alisema mmeshakubaliana."

Mama! Mke wangu. Miaka arobaini na tisa kitanda kimoja.

Nimerudi kwa miguu. Sikula. Aliniuliza kama naumwa, nikageukia ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimeweka ringi mezani karibu na kikombe chake. Hata hakushtuka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Akasema, "Nguo yenyewe mimi ndiye ninayeifua, na damu ya siku ile niliitoa mimi."

Anasema habari za toroli la matofali tulilogongana nalo. Toroli lile lilikosea lenyewe, nimeshasema! Anasema yeye alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, aliliona toka mbali, akapiga kelele mara tatu, mimi naendelea tu. Anasema tangu siku ile kila nikiwasha anakaa mlangoni mpaka nirudi. Sasa si angeniambia? Anasema ameniambia mara saba. Sikumbuki hata moja.

Nikasema leo napanda kilima gia ya tatu. Nimeshafunga kabureta bila uchafu wao. Nikakaa juu, ufunguo nikautia. Akaja akasimama mbele ya gurudumu. Mwanamke mwenyewe kilo hamsini hafiki! Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Upepo, nisomee namba ya lile gari jeupe. Ukisoma, nitakaa nyuma yako twende wote."

Nikamwambia mimi sifanyishwi mtihani nyumbani kwangu.

Daftari nimelitoa mfukoni, naandika hapa hapa juu ya tangi ili kesho asigeuze maneno. Niliyoandika ni kweli tupu. Shahidi wa kwanza Shingo, yuko dukani. Wa pili mke wangu, hajabanduka, mkono kaweka juu ya taa. Wa tatu lile gari, bado limeegeshwa. Namba yake siiandiki. Sitaki tu.