Nilichopewa Tumboni

Jumatatu, 1 Desemba

Nywele za kidevu tena. Tatu zimeng'oka, moja imekatika. Itaota kwa ndani na kuuma. Nimefanya haraka kabla Mama hajarudi kutoka sokoni, kisha nikageuza dagaa. Jua kali. Kunguru wengi.

Jioni Mama akauliza kwa nini pedi alizoninunulia hazijafunguliwa. Nikanyamaza. Sijaona siku zangu tangu kabla ya mtihani wa moko. Zilikuwaga zinachelewa, lakini si hivi.

Jumatano, 3 Desemba

Kunyamaza kwangu kumechukuliwa kuwa jibu. Mama amempigia simu shangazi, dada yake Baba, anayekaa Butiama. Amefika leo. Hata maji hajanywa, akanibonyeza tumbo kama anachagua parachichi.

"Ya nani?"

Nikasema hakuna mimba. Sauti ikatoka ndogo. Ikawa kama ninakiri.

"Kwao wana ng'ombe?"

Hilo ndilo alilotaka kujua. Binti akipewa mimba nyumbani, kwao mvulana hutozwa faini ya ng'ombe, na shangazi ndiye wa kulitafuta jina. Tumbo langu ni kubwa kwa sababu mafuta yote hukaa kiunoni, hata nikila kidogo. Sikuweza kusema hivyo. Naichukia sauti yangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Kipimo cha mkojo, zahanati ya hapa Kigera. Hakuna mimba. Nilidhani wataniomba radhi. Mjinga mimi.

Shangazi: "Basi ameitoa."

Amesema mbele ya jirani. Mama hakunitetea. Baba amepiga simu kutoka machimboni Buhemba, akaagiza nisitoke nje.

Jumatatu, 8 Desemba

Tumekwenda hospitali mjini. Si kwa huruma. Shangazi alitaka daktari athibitishe kuwa nimetoa.

Daktari ni dada mpole. Akamwacha shangazi nje kwenye benchi, tukaingia mimi na Mama. Akanipima damu na ultrasaundi, akasema hakuna aliyetoa chochote hapa. Ovari zangu zina vijifuko vingi, homoni za kiume zimezidi. Damu nayo ina sukari nyingi kuliko inavyotakiwa. Haijawa ugonjwa wa kisukari, lakini inaelekea huko.

Kisha akamuuliza Mama, si mimi. Siku zake zilikuwa zinarukaruka? Ndevu je? Alipokuwa na mimba yangu, sukari ilipanda? Mama akatazama sakafu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Alijibu kwa sauti ndogo kama yangu.

Daktari akaeleza polepole. Mtoto wa kike akikaa tumboni mwa mama mwenye homoni hizo nyingi, mwili wake unaweza kujifunza vibaya humo humo, kabla hajazaliwa. Baadaye anakuwa mnene kiunoni, sukari inamsumbua, siku zinapotea. Akasema hawezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kuna na mambo ya kurithi. Akasema si kosa la mtu. Kuna vidonge, kuna kutembea, kuna kupunguza ugali na soda.

Shangazi ameambiwa "ni homoni tu." Mama hakuongeza neno.

Alhamisi, 11 Desemba

Mama hanisemeshi. Leo akiwa anasonga ugali akasema bila kugeuka, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibu."

Ilinipasa kusema hapana. Sikusema. Nimekasirika. Siyo naye. Naye pia. Alijua ndevu ni nini, akaniacha nidhani niko peke yangu duniani.

Jumamosi, 13 Desemba

Shangazi ana dawa yake. Mjane wa kiume wa Mugeta, kule Bunda, ana ng'ombe na mashamba ya pamba. Anatafuta mke kabla ya mvua za masika.

"Akizaa tu, yote hayo yanakaa sawa," akamwambia Mama. "We utaniambia."

Nataka chuo cha uuguzi. Matokeo ya kidato cha nne bado. Hakuna aliyeniuliza. Baba anakuja kesho kwa kikao. Naogopa.

Jumapili, 14 Desemba

Kikao baada ya ibada. Baba, shangazi, Mama, mimi mlangoni. Ng'ombe walikuwa wameshatajwa Mama aliposimama.

"Mimi niliolewa," akasema. "Nikazaa. Hayakukaa sawa."

Akasema yote. Ndevu anazong'oa tangu usichana. Mimba zilizogoma, ndiyo maana ana mimi tu. Sukari. Kwamba huenda mimi niliyapata haya nikiwa ndani yake. Alikuwa ameegemea kabati, sufuria za ndani zikawa zinalia.

Shangazi akapiga makofi. "Wifi! Kumbe ng'ombe zetu zilimuolea kaka mwanaume mwenzake!"

Akacheka peke yake. Baba alimtazama Mama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Halafu akasema hataki habari ya Mugeta. "Yule akijua atadai ng'ombe zake. Mimi sirudishi ng'ombe za watu."

Ndivyo nilivyopona. Kwa hesabu ya ng'ombe. Hakuna aliyesema mimi ni mgonjwa, wala kwamba sikutoa mimba. Hakuna aliyemshukuru Mama.

Jumatano, 17 Desemba

Baba amerudi Buhemba bila kumuaga Mama. Shangazi naye ameondoka.

Asubuhi tumetembea kama daktari alivyosema, mimi na Mama, mpaka ziwani. Alichoka, tukakaa juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wanafua. Akaniuliza, siku nikipata mimba, nitamwambia daktari mapema? Nikasema nitamwambia.

"Mimi sikuwa na wa kumwambia," akasema.

Nikamwambia hakuniharibu. Akaitikia kwa kichwa, akinawa miguu.