Farasi Aliyekula Mahindi Yako

Mama yangu mpendwa,

Mahindi yamerefuka tena nyuma ya zile nyumba mpya za Brampton, huku Kanada. Jana nilipita kando yake nikiwa juu ya farasi, mimi huyu uliyekuwa ukinicheka kwa kuogopa hata mbuzi. Najua unacheka na huko uliko. Cheka tu, mama, umestahili.

Farasi mwenyewe unamjua. Ni Biskuti, yule uliyemwita "ng'ombe ya Carol isiyo na pembe" mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kukusahihisha.

Unaikumbuka siku mlipojuana? Pengine hukuikumbuka hata kesho yake, kwa hiyo acha nikusimulie. Tulikuwa tumetoka kanisani. Nilikuwa nasonga ugali kule kwetu, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu, nikageuka, kiti chako kitupu na kitenge chako hakipo. Wakati huo ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekwisha kukurudisha Fizi, kijijini kwetu Kongo. Kila asubuhi uliniuliza kama shamba limepaliliwa, nami nilijibu limepaliliwa, kumbe jibu langu halikukutosha. Nilijua umekwenda kwenye mahindi. Nilichokuwa sijui ni ukubwa wa shamba lile, na wingu la mvua lilikuwa limekwisha tanda.

Polisi walikuja haraka, na nyuma yao wakaja wapanda farasi. Niliwaogopa, sikufichi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ni raia tu, wastaafu na mafundi na walimu, wanaokuja na farasi wao wenyewe bila malipo polisi wanapowaita, maana aliye juu ya farasi huona kupita vichwa vya mahindi. Carol alikuwa mmoja wao, bibi mwembamba mwenye mvi na buti zenye matope.

Wakaanza kukuita kwa kipaza sauti. "Odette! Odette!"

Maishani mwangu sijasikia mtu wa kwetu akikuita Odette. Tangu nizaliwe wewe ni Mama Neema, kwa majirani, kwa mchungaji, hata kwa baba. Odette lilikuwa jina la makaratasi, na waliolitaja kwa sauti kubwa walikuwa wanaume wenye bunduki, mlangoni, wakati wa vita. Wewe mwenyewe ulitufundisha tukiwa tumelala kifudifudi porini: "Akikuita mutu usiyemujua, usiitike." Sasa watu wema wanakuita kwa nguvu zao zote, na kila wanavyoita wewe unazidi kujificha.

Nikamshika polisi mkono, nikamwambia zimeni hicho kipaza sauti, tafadhali. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Carol ndiye aliyeinama kutoka juu ya farasi akaniuliza, "Nyumbani anaitwa nani?"

Tukaingia shambani, yeye juu, mimi kwa miguu. Aliita "Mama Neema!" kwa lafudhi yake, nami nikaita "Mama!" mpaka koo likakauka. Hukuitika. Hata mimi hukuniitika, na hilo liliniuma kuliko yote.

Hapo Biskuti akachoka na shida zetu. Akashusha kichwa, akang'oa hindi bichi, akaanza kulitafuna kwa kelele. Kabla Carol hajavuta hatamu vizuri, mahindi yakatikisika, nawe ukatokea huna kiatu kimoja, bonge la udongo mkononi.

"Weye mama! Toa iyo nyama yako mu mahindi yangu! Kwenu hakuna mashamba?"

Mkulima ni mkulima. Bunduki ungezinyamazia, lakini si mnyama anayekula mazao yako.

Carol hakuelewa hata neno moja, ila alielewa yote. Alishuka, akavua kofia, akakuomba radhi kwa Kiingereza, nami nikatafsiri huku nalia. Ukalitupa lile bonge. "Basi. Imekwisha kula, ipatie na maji."

Kisha ukanigeukia mimi. "Na weye, mutoto wa nani? Unalia nini?"

"Mimi mtoto wa Mama Neema," nikasema.

"Huyo ninamujua," ukasema, ukanifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ni mutu muzuri. Twende nikupeleke kwake."

Ukanishika mkono, ukaniongoza mpaka barabarani. Ulidhani unampeleka nyumbani mtoto wa watu. Mama, nimepelekwa nyumbani mara nyingi maishani, lakini sijawahi kupelekwa vile.

Ulipofariki, theluji ikiwa bado chini, Carol alikuja msibani na sufuria ya supu, akakaa mkekani na akina mama wa kanisa bila kujua wanaimba nini. Majira ya kuchipua akaniomba nijiunge na wapanda farasi wenzake. Nikakataa, nikakubali, nikakataa tena. Sasa kila Jumamosi nikitoka kiwandani naenda kujifunza. Nimeanguka, na makalio yananiuma hata ninapokuandikia. Lakini siku hizi mtu akipotea, kabla ya kupanda farasi, kundi zima huuliza familia kwanza: nyumbani anaitwa nani? Swali hilo ni lako, ingawa wengi wao hawajui.

Nimekukosa, mama. Nimekukosa hata ulivyokuwa hunijui.

Jana, basi, tulipofika kando ya shamba lile, nililegeza hatamu kwa makusudi. Biskuti hakungoja kuambiwa mara mbili. Akang'oa hindi, akatafuna kwa kelele zake zilezile, nami nikakaa juu yake, nikiyatazama mahindi, nikikungoja utoke unigombeze.

Upepo tu ndio uliopita. Nikashuka, nikaomba radhi kwa sauti, kisha nikampa maji kama ulivyoagiza.

Pumzika, mama. Shamba limepaliliwa.

Ni mimi, mtoto wa Mama Neema.