Mifupa Niliyoiosha

Jumatatu, 3 Rajabu 1304

Nimeandika vibandiko arobaini vya mifupa leo. Mkono umekufa ganzi. Daktari, Mzungu anayechunguza mifupa ya kale, amekwenda Mbegani, atarudi Alhamisi. Hii ni wiki ya tatu tangu anipe kazi ya kumwandikia. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kupoteza taya moja ya panya.

Mezani kuna sinia mbili za mifupa ya pango la Mlingotini. Panya watupu, wa zamani. Mavi ya popo yamegandamana nayo. Naishika, kisha adhana inanikuta na vidole hivi. Sivumilii. Baada ya adhuhuri niliimimina yote katika beseni moja, nikaiosha maji matatu, nikaianika uani juu ya mkeka. Imetakata. Alasiri niliswali na moyo mweupe.

Jumanne, 4 Rajabu

Nimeharibu.

Nilikuwa nanakili barua ya Daktari kwa rafiki yake wa kwao. Ameeleza humo: udongo mweusi ni tabaka la juu, mwekundu ni la chini, la kale. Juu amemwona ndezi, mla matete, dalili ya maji. Chini amemwona kamendegere, mrukaji kama sungura, ambaye siku hizi yuko bara, mbuga kavu za huko Ugogo. Basi huenda pwani hii ilikuwa kavu zamani, na wanyama wa bara walifika mpaka huku. Hana hakika bado. Sinia mbili hizi ndizo za kuthibitisha, kila moja na tabaka lake. Udongo usiguswe, ndio ushahidi.

Udongo nimeumwaga chini ya mpapai.

Jumatano, 5 Rajabu

Pazi, mchimbaji wa Daktari, Mkwere wa Fukayosi, amekuja na kapu. Aliuona mkeka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Karani, umeosha maiti! Sanda iko wapi?"

Sikucheka. Nilimweleza. Akachutama, akaanza kuchambua: ndezi huku, kamendegere kule. Meno ya ndezi yana mifereji.

"Huyu nimemla tangu sijaota magego. Mtie sinia ya juu, hawa wengine ya chini. Si ndivyo anavyotaka Mzungu wako? Nani atajua?"

Kweli, hakuna atakayejua. Nimeandika vibandiko viwili. Lakini mimi sikuona yupi alilala wapi. Daktari ataiuliza ardhi, nitajibu mimi. Sijavibandika. Naogopa kubandika, naogopa kusema. Baba aliniombea kazi hii mwaka mzima.

Alhamisi, 6 Rajabu

Amerudi asubuhi. Nilisema yote kabla hajavua kofia.

Hakufoka. Alichukua taya moja kutoka mkekani, akaigusisha ulimini. Ikanata, ikaning'inia kama kupe. Akachukua nyingine. Ikaanguka.

"Mfupa wa kale hunywa mate," alisema. "Wa juzi haunywi. Jaribu kila mmoja. Wewe mwenyewe."

Pazi alikuwa mlangoni. "Afadhali mimi, huwapika kwanza!"

Na mimi niliwaosha kwa ajili ya tahara.

Ijumaa, 7 Rajabu

Nimemaliza kabla ya sala ya Ijumaa. Mmoja mmoja. Ladha ya chokaa. Mwanzoni nilitapika, baadaye nilizoea.

Kamendegere wote wamenata. Ndezi wameanguka, isipokuwa watatu. Hao niliwarudia mara nne. Wamenata.

Pazi angewatia juu. Mimi ningebandika uongo.

Daktari aliwatazama kwa kioo chake cha kukuzia mpaka chai ikapoa. Akasema huenda hata zama zile za ukavu palikuwa na kijito hapa, chenye matete kandokando. Hilo hakulitarajia. Hakunifukuza. Alinisogezea wino tu.

Nimeandika: Ndezi watatu, tabaka la chini, kwa jaribio la ulimi. Udongo ulioshwa na karani.

Nimesukutua kinywa. Nimetawadha. Ulimi bado mkavu.