Makame wa Urusi

Baba,

Wanaume wakienda kukuzuru Ijumaa, salamu zangu huwapa wao. Mimi mwanamke, makaburini siendi, basi leo nakuandikia.

Karafuu zimezaa mwaka huu. Baada ya magharibi tunakaa jamvini hapa Ole, mimi na mama, tunachambua. Mahali pako hapakaliwi. Nina hamu nawe, Baba.

Mama ndiye aliyetaka nimhadithie kitabu chako cha Warusi, ile riwaya nene ya vita vya zamani uliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi, miaka michache baada ya Mapinduzi. Ulikuwa ukitusimulia kidogo kidogo tukichambua, na Warusi wote ukawapa majina ya kwetu. Yule askari kijana ukamwita Makame. Unakumbuka siku alipouawa? Mama aliachia karafuu zikamwagika. "Kazikwa wapi? Nani kamsomea hitma?" Akalia, nasi tukajua hamlilii Mrusi. Alikuwa akimlilia kaka yake, aliyeondoka wakati wa Mapinduzi na asilete hata salamu. Kesho yake ukakohoa, ukasema, "Kumbe Makame hakufa. Kaumia tu." Ukamrudisha kwao, akala muhogo kwa papa. Muhogo, Baba! Huko kwenye theluji!

Sasa nimekisoma mwenyewe, kwa tafsiri ya Kiingereza. Makame anakufa, tena kifo kibaya. Nilidhani nitakuta mambo ya watu wa kale, nikakuta nyumba zilizofungwa na akina mama wanaotega sikio kila mlango ukilia. Nikaona ni sisi hasa.

Juzi hadithi ikafika pale Makame anapouawa. Mama akaniangalia, mkono umesimama. Nikasita kati ya kweli ya kitabu na ile yako. Nikasema yako: Makame karudi.

Mama akachukua kishada kingine. Kisha akasema polepole, "Na babako naye mrejeshe, mwanangu."

Nililia palepale, juu ya karafuu.

Pumzika, Baba, Mola akukunjulie kaburi lako. Nakuahidi Makame hatakufa hapa Ole maadamu mimi ndiye nihadithiaye. Na leo mama akitandika jamvi, nitaanza hivi: siku moja Baba alirudi kutoka Urusi, na kitabu kwapani.

Mwanao